Mafuta chini ya Ziwa Victoria? Mdau, usiuze injini ya mtumbwi kwanza



Juzi usiku mshkaji wangu mmoja wa Mwaloni, pale Kirumba, kanipigia simu. Huyu jamaa ni mtu wa dagaa, ana mtumbwi mmoja na injini ya kupachika aliyoihangaikia miaka minne. Sasa kaja dalali na dili: ekari mbili ufukweni, upande wa Sengerema, "penye mafuta". Kwa maelezo ya dalali, wazungu walishapima, serikali inaficha, na mwenye eneo atalipwa kwa dola. Ushahidi wenyewe ni video ya simu, sekunde kama ishirini, inaonyesha maji kwenye mafunjo yaking'aa rangi za upinde wa mvua. Tena dalali kaongeza chumvi, eti zile mashine kubwa zilizokuwa ziwani kati ya Kigongo na Busisi hazikuwa za daraja tu.

Jamaa ameshapata mteja wa injini. Kwangu alikuwa na swali moja tu: "Kaka, wewe ulisoma mambo ya mawe. Humu ziwani kuna mafuta au hamna?"

Jibu fupi: hamna. Kama uko kafe na dakika zako zinayoyoma, chukua hilo uende nalo. Chini ya Ziwa Victoria tope ni jembamba mno, na chini ya tope kuna mwamba wa kale usiozaa mafuta. Wenye muda tuendelee, maana jibu refu ndo lenye utamu, na ndani yake kuna ziwa lingine la hapa hapa Tanzania ambalo kwalo swali hilo hilo bado halijajibiwa na mtu yeyote.

MBONA UGANDA WANAYO?

Hapa ndipo mjadala wa kijiweni unapoanzia kila mara. Uganda wana mafuta Ziwa Albert. Ziwa letu ni kubwa kuliko lile. Basi na sisi lazima tuwe nayo, tena mengi zaidi.

Hebu tuweke namba mezani. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Ziwa Albert lina kama 5,300. Yaani letu ni kubwa mara 13. Kina cha maji nacho, Victoria linafika mita 80 hivi penye kina kirefu kabisa, Albert halifiki hata 60. Kwa hiyo ukipima kwa maji, sisi tumeshinda asubuhi na mapema.

Tatizo ni kwamba mafuta hayapimwi kwa maji. Yanapimwa kwa kilicho chini ya maji. Chini ya Ziwa Albert kuna tope, mchanga na mfinyanzi vilivyorundikana hadi kufikia kilomita 5 hivi kwenda chini. Kilomita, siyo mita. Ukiondoa maji na tope lote la Ziwa Albert unabaki na shimo ambalo Mlima Meru ungezama humo wote, kuanzia chini hadi kilele. Chini ya Ziwa Victoria, watafiti waliopita na vyombo vya kupima kwa mitetemo miaka ya 1990 walikuta tope ambalo unene wake ni kama mita 60 tu, hapo ni penye tope jingi.

Mita 60 kwa kilomita 5. Hiyo ndo habari yote, mengine ni maelezo.

MAFUTA YANAPIKWA

Watu wengi wanadhani mafuta yako chini ya ardhi kama maji kwenye simtanki, unatoboa yanaruka. Hapana. Mafuta yamo ndani ya vitundu vidogo vidogo vya mawe, kama chai ilivyoingia kwenye andazi ulilolichovya. Na kabla ya kufika kwenye andazi hilo, lazima kwanza yapikwe mahali.

Malighafi ni viumbe vidogo vya majini, hasa mwani. Ule ukijani unaouona ziwani majira fulani, ndo huo. Mwani unakufa, unazama, unalala kwenye tope la chini. Kama huko chini kuna oksijeni, bakteria na wadudu wanaula wote na hakuna kinachobaki. Kama hakuna oksijeni, unabaki pale pale, tope linaongezeka juu yake mwaka baada ya mwaka, na baada ya mamilioni ya miaka lile tope la kwanza liko chini kabisa, limebanwa na uzito, limekuwa mwamba mweusi. Huo ndo mwamba mama.

Sasa moto. Ukienda chini ya ardhi joto linapanda, kwa kawaida nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita moja. Mafuta huanza kupikika penye nyuzi 60 hivi, yanaiva vizuri kuelekea 120, na joto likizidi sana hapo unapata gesi. Kwa hiyo mwamba mama unahitaji kufukiwa kilomita 2, 3, hata 4.

Piga hesabu ya Mwanza. Chukua chini ya ziwa kuna nyuzi 25. Shuka mita 60 ndani ya tope, unaongeza nyuzi 2 tu, tena hazifiki. Nyuzi 27. Kwa joto hilo hata uji haushiki moto, sembuse mafuta. Hicho chungu hakijawahi kuwekwa jikoni.

Na kuiva peke yake hakutoshi. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo yakiiva yanapanda juu kupitia nyufa na mawe ya mchanga. Yakikosa kizuizi yanatokea juu, yanapotelea hewani na majini. Ili yabaki, inabidi yakutane na jiwe la mchanga lenye vitundu vya kuyabeba, juu yake tabaka la mfinyanzi lisilopitisha kitu, na umbo la kuyanasa yasitambae pembeni. Tena mtego uwe umeshajengeka kabla mafuta hayajapita. Ukichelewa hata kidogo, hapo hakuna cha kunasa. Ndiyo maana hata penye kila dalili watu wanachoronga visima vitupu.

SAHANI NA KISIMA

Kwa nini maziwa mawili yaliyo jirani yatofautiane hivyo? Kwa sababu yalizaliwa tofauti.

Albert, Tanganyika, Rukwa na Nyasa yamo ndani ya bonde la ufa. Pale ardhi inavutwa pande mbili, katikati inakatika na kushuka. Inaendelea kushuka kwa mamilioni ya miaka, na kila inaposhuka mito inaleta mchanga na tope kujaza. Ni kisima kinachochimbwa huku kikifukiwa.

Ziwa Victoria halimo ndani ya ufa. Liko katikati ya mikono miwili ya bonde la ufa, wa magharibi na wa mashariki. Zamani mito kama Kagera na Katonga ilikuwa inatiririka kutoka huku kwetu kwenda magharibi. Kingo za ufa wa magharibi zilipoinuka, ziliinamisha ardhi, mito ikakosa pa kwenda, ikarudi nyuma, na maji yakatuama kwenye bonde pana lisilo na kina. Ni sahani. Wataalamu wanakadiria ziwa lina umri wa miaka kama 400,000 hivi, ambao kwa mambo ya mawe ni jana mchana.

Tena sahani yenyewe imeshawahi kukauka! Sampuli za tope zilizovutwa kutoka chini ya ziwa zilikuwa na tabaka la udongo uliopasuka kwa jua na mizizi ya majani ndani yake, mahali ambapo leo kuna makumi ya mita za maji. Watafiti walichapisha habari hiyo mwaka 1996, na vipimo vya baadaye vinaonyesha ukame huo ulikuwa kati ya miaka 18,000 na 14,000 iliyopita. Yaani kuna wakati mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka Mwanza hadi Entebbe akikanyaga majani. (Wanaojua samaki wanasema hata aina karibu zote za furu mnaowaona leo zimetokea baada ya hapo. Hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Na chini ya sahani kuna nini? Huna haja ya kuchoronga, toka nje uangalie. Lile Jiwe la Bismarck, mawe ya Capri Point, yale mawe waliyojengea juu yake nyumba Bugando na Mabatini, huo ndo mwamba wenyewe unaoendelea hadi chini ya ziwa. Mwamba huu ni sehemu ya kitovu cha kale cha bara, kinachoitwa kratoni ya Tanzania, na una umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Graniti ya aina hiyo ilitokana na uji wa mawe ya moto uliopoa chini kabisa. Haikuwahi kuwa tope, haikuwahi kufukia mwani. Lakini mikanda ya mawe ya kale inayopita katikati ya graniti hizo ndiyo iliyowapa Geita na Bulyanhulu dhahabu. Kwa hiyo msilie sana, kila jiwe na mgawo wake.

Najua kuna mdau mjuaji atakayekuja na habari ya Vietnam, kwamba kule Bach Ho wanatoa mafuta ndani ya graniti. Kweli kabisa, wanatoa. Ila yale mafuta hayakuzaliwa kwenye graniti. Yalipikwa kwenye mashapo ya ziwa la kale lililofukiwa ubavuni mwake, halafu yakahamia kwenye nyufa za graniti. Sisi graniti tunayo ya kumwaga, jiko la pembeni ndo hatuna.

Sehemu pekee ya Ziwa Victoria yenye hadithi tofauti kidogo ni Ghuba ya Winam kule Kisumu, Kenya, ambayo imekaa ndani ya tawi dogo la bonde la ufa. Hata hivyo kutoka Kisumu hadi Sengerema ni mbali, na dalali hakusema Kisumu.

ILE VIDEO SASA

Rangi za upinde wa mvua juu ya maji hutokana na mambo mawili ya kawaida kabisa huku kwetu. La kwanza ni petroli na oili za injini za mitumbwi. Tone moja linatambaa eneo kubwa ajabu. La pili watu wengi hawalijui: penye mafunjo na maji yaliyotuama yenye chuma, bakteria wanatengeneza utando mwembamba juu ya maji unaong'aa kama mafuta.

Kupima ni bure. Chukua kijiti, upasue ule utando. Ukivunjika vipande vipande kama kioo na vipande visirudiane, huo ni utando wa bakteria. Ukiachana halafu ukarudi kuungana na kuzunguka, hayo ni mafuta, na hapo swali linakuwa nani kamwaga. Nilimwambia mshkaji amuombe dalali ampeleke na kijiti. Kacheka.

Lakini msidharau mtu anayeangalia maji. Mafuta ya Uganda yalianza hivyo hivyo. Wenyeji wa Ziwa Albert walikuwa wanayaona yakivuja miaka nenda rudi, na mwaka 1925 mjiolojia Wayland aliandika kitabu kizima kuhusu mivujo hiyo. Mwaka 1938 kikachorongwa kisima pale Waki, karibu na Butiaba, zaidi ya mita 1,200. Wakaona dalili, ila siyo mafuta ya kuuza. Ikaja vita ya pili ya dunia, kukawa kimya. Miaka ikapita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 visima vya Turaco kule Semliki vikakuta gesi iliyojaa hewa ya ukaa, ikawa hasara nyingine. Mpaka mwaka 2006, kisima cha Mputa, ndipo yakapatikana ya kueleweka. Toka Waki hadi Mputa ni miaka 68. Leo Uganda inahesabu mapipa bilioni 6.5 yaliyomo ardhini, na katika hayo yanayoweza kutolewa ni kama bilioni 1.4.

ZIWA LETU LA KUULIZIA NI TANGANYIKA

Kama dalali angekuwa na akili angeuza viwanja Kigoma, teh teh teh.

Ziwa Tanganyika ni kisima cha kweli. Urefu kilomita zaidi ya 670, kina cha maji mita 1,470, umri unaokadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Chini ya maji hayo kuna mashapo ya kilomita kadhaa, sehemu nyingine zaidi ya 4. Na kuna jambo moja linalowafanya wajiolojia wakose usingizi: kuanzia mita 100 hadi 200 na ushee kwenda chini, maji ya ziwa lile hayana oksijeni kabisa. Samaki hawaishi huko. Migebuka na dagaa wote wako kwenye tabaka la juu. Kila mwani unaozama chini ya hapo unazikwa mzima. Kiwanda cha kutengeneza mwamba mama, kinafanya kazi mpaka leo.

Kwamba jiko linawaka tunajua pia, maana upande wa Kongo, kwenye rasi ya Kalamba, mafuta yanavuja yenyewe ziwani. Mtu hawezi kuvuja mafuta asiyokuwa nayo.

Basi utashangaa: hadi leo hakuna kisima cha mafuta kilichochorongwa ndani ya maji ya ziwa hilo. Wamarekani wa Chuo Kikuu cha Duke walipita na mitetemo mwaka 1983 na 1984 wakachora ramani ya kwanza ya kilicho chini. Kampuni ya Amoco ilichoronga visima viwili bonde la Ruzizi, Burundi, miaka ya 1980, na viwili Rukwa, Ivuna na Galula, mwaka 1987. Vyote nchi kavu, na vyote havikupata mafuta ya kuuza. Mwaka 2012 Beach Energy ya Australia ikapima zaidi ya kilomita 2,000 za mistari ya mitetemo sehemu ya kusini ya ziwa upande wetu. Ikapata picha nzuri, kisha ikaondoka bila kutoboa.

Hiyo mitetemo, kwa asiyeijua, ni hivi: meli inakokota bunduki za hewa zinazopiga mshindo majini kila baada ya sekunde chache. Mshindo unashuka, unagonga tabaka za mawe, unarudi kama mwangwi, na nyuma ya meli kuna mkia mrefu wenye vipokea sauti. Ukijua mwangwi umechukua muda gani unajua tabaka liko wapi. Ni kama wewe unavyogonga tikiti kusikiliza kama limeiva. Lakini kugonga siyo kula. Mitetemo inakuonyesha mtego ulivyo, haikuambii kama ndani kuna mafuta, maji au gesi ya ukaa. Hilo linajibiwa na kisima tu.

Na kisima ndo kazi. Baharini kina cha mita 1,000 siyo tatizo siku hizi, meli ya kuchoronga inakuja yenyewe, kama zilivyokuja huku kwetu kuanzia 2010 na gesi ikapatikana nyingi mbali na pwani ya Mtwara na Lindi. Lakini meli hiyo utaipitisha wapi ifike Kigoma? Ziwa halina mlango wa bahari. Utaibeba vipande vipande na kuiungia ufukweni, kama Wajerumani walivyofanya na ile meli mnayoiita Liemba. Iliundwa Papenburg, ikabomolewa, ikapakiwa, ikaja kuungwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Weka gharama hiyo, halafu kumbuka ziwa ni la nchi nne, na ukipata mafuta bado unahitaji njia ya kuyatoa. Kampuni nyingi zinaangalia hesabu zinasema asante.

Jingine linalonitia mimi wasiwasi kuliko wao ni maji yenyewe. Mto unaotoa maji Ziwa Tanganyika ni mmoja tu, Lukuga, kwenda Kongo. Maji mengi yanaondoka kwa mvuke. Kinachoingia ziwani kinakaa humo karne kadhaa. Baharini mafuta yakimwagika mkondo unasaidia. Pale Kigoma hakuna mkondo wa kukusaidia, na watu wanakunywa maji hayo hayo na kula dagaa wa humo humo. Sisemi wasichoronge. Nasema anayetaka kuchoronga aje na jibu la swali hilo kabla hajaja na bendera za uzinduzi.

Mwaka 2024 serikali ilitangaza maandalizi ya mnada wa 5 wa vitalu vya utafutaji: vitalu 26, 23 vya Bahari ya Hindi na 3 vya Ziwa Tanganyika. Mnaopenda kufuatilia, hivyo vitatu ndo vya kukodolea macho.

NA HUKU JIRANI?

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, eneo la karibu lenye swali halali la mafuta siyo ziwani, ni bonde la Eyasi–Wembere, linalogusa Simiyu, Shinyanga, Tabora, Singida na Arusha. TPDC imekuwa ikipima huko kwa ndege na kwa mitetemo, na kuchoronga visima vifupi vya kuangalia mawe kwenye wilaya kama Igunga, Iramba na Meatu. Visima vifupi havitafuti mafuta, vinatafuta kama kuna tabaka la mashapo la kutosha na kama mwamba mama upo. Mpaka leo Tanzania haijapata mafuta ghafi ya kibiashara popote. Tunayo gesi, toka Songo Songo mwaka 1974, ila mafuta bado.

Mafuta ambayo yanakatiza karibu na Mwanza kweli ni ya Uganda. Bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ni kilomita 1,443, na 1,147 ziko kwetu. Linapita Missenyi, Muleba, Biharamulo, Chato, Bukombe, Mbogwe, Kahama, kisha Nzega na kuendelea. Na sasa angalia mambo yanavyoungana: mafuta ya Ziwa Albert yametokana na mwani wa ziwani, na mwani wa ziwani unatoa mafuta yenye nta nyingi. Kwenye joto la kawaida yanaganda kama samli asubuhi ya baridi. Ndiyo maana bomba lile limepangwa kupashwa moto njia nzima, yabaki kwenye nyuzi 50 hivi. Ukisikia watu wanalalamika gharama ya bomba, sehemu ya lawama iende kwa mwani uliokufa mamilioni ya miaka iliyopita. Na Tanganyika nako yakipatikana, chanzo ni kile kile, kwa hiyo tegemeeni samli.

TURUDI KWENYE EKARI MBILI

Hata kama ningekosea kuhusu mawe, dili la mshkaji bado lina matobo. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inasema mafuta na gesi vilivyo ardhini ni mali ya umma, serikali inavishika kwa niaba ya wananchi. Hati ya kiwanja haikupi hata tone. Mwenye ardhi analipwa fidia ya ardhi, nyumba na mazao yake, kama walivyofanyiwa tathmini wenye maeneo kwenye mkuza wa bomba, na tathmini ina tarehe ya mwisho. Aliyekuja kununua au kupanda migomba baada ya tarehe hiyo kaula wa chuya. Hakuna kulipwa kwa pipa.

Halafu ufukweni kwenyewe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita 60 tena! Sehemu kubwa ya zile ekari mbili haimruhusu hata kujenga banda la kuanikia dagaa.

Nikamwambia mshkaji amuulize dalali maswali mawili tu: mashapo ya pale yana unene gani, na leseni ya utafutaji ya kitalu hicho iko kwa nani, maana leseni hizo zina rekodi PURA na siyo siri. Kampigia kweli, mimi nasikiliza kwenye spika. Dalali kanyamaza kidogo, kisha akasema swali la kwanza ni la wazungu, la pili atauliza. Kesho yake katuma meseji: kumbe wamepima upya, mafuta yenyewe yamehamia Ukerewe, na bei imepanda.

Injini bado iko kwenye mtumbwi. Jana usiku walitoka kuvua.